JE, KITU CHA BURE CHAWEZA KUIBIWA?

Swali hili laonekana kuwa la mchezo. Kitu kilichotolewa bure, na kila apitaye akaambiwa achukue, chawezaje kuibiwa? Walakini swali hili limekwisha kufikishwa mbele ya mahakimu, nao hawakulijibu kwa kauli moja; na kwa kuwa siku hizi biashara nyingi za nchi yetu, kubwa kwa ndogo, husimama juu ya vitu vya namna hii, twaona yafaa kulitafakari katika kurasa hizi.

Twanena habari za programu za kompyuta ziitwazo programu huria. Programu ni maagizo yanayoiongoza mashine. Fundi huyaandika kwanza kwa namna ambayo mtu aliyefundishwa aweza kuisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha hugeuzwa yakawa tarakimu ambazo mashine huzifuata na mtu hawezi kuzisoma. Auziwaye tarakimu peke yake aweza kuitumia programu, lakini hawezi kutazama ndani yake wala kuitengeneza iharibikapo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi aliyoiita GNU, ya kuandika programu ambazo msimbo wake utakuwa wazi kwa watu wote. Na mwaka 1989 ikatoka leseni yake, ijulikanayo kwa kifupi kama GPL. Kijana wa Finland, Linus Torvalds, alianza programu yake ya Linux mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Leo kila simu ya Android ina Linux ndani yake. Mkulima wa Mnazi aulizaye bei ya mpunga kwa simu hiyo amechukua mfukoni kazi ya maelfu ya watu asiowajua, ambao hawakumdai hata senti moja.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iliyosema Kiswahili. Mapema mwaka 2008, nchi ya Kenya ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, Wakenya na rafiki zao waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya habari za watu na kuzionyesha juu ya ramani. Nayo ilitolewa huria, hata ikatumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Jina lake la Kiswahili limekwenda nalo mpaka huko.

Basi, bure hii ina masharti, nayo hayalingani. Leseni nyingine, kama ile ya MIT na ile ya BSD, ni nyepesi mno: fanya upendavyo, ila usifute jina la mwandishi wala maneno ya leseni yake. GPL yadai zaidi. Ukiitumia programu nyumbani mwako au ofisini mwako, hudaiwi neno. Ukiitengeneza upya kwa matumizi yako mwenyewe, hudaiwi neno. Waweza hata kuiuza kwa bei uipendayo. Lakini siku utakapomkabidhi mtu mwingine programu hiyo, au uliyoijenga juu yake, yakupasa umpe na msimbo wake, au umwandikie ahadi ya kumpa, nawe umwachie uhuru ule ule uliopewa wewe. Leseni nyingine ya jamaa hiyo, AGPL, huwadai hata wale wasiokabidhi kitu, bali huiweka programu iliyobadilishwa katika mtandao ili watu waitumie kwa mbali.

Sisi tulio karibu na mashamba ya mkonge twaijua kamba. Majani hukatwa, hupitishwa katika korona, singa huanikwa juani, hupigwa brashi na kufungwa marobota. Kisha kiwandani singa za majani mengi husokotwa zikawa kamba moja. Anunuaye kamba haulizi singa hii ilitoka shamba lipi. Programu ya biashara nayo ni kamba. Fundi wa Tanga au wa Dar es Salaam aandikaye programu ya hesabu kwa ajili ya maduka, huandika sehemu ndogo kwa mkono wake. Zilizobaki huzitwaa kwa watu wengine, tayari, bure, kwa dakika chache. Hakuna ubaya katika hayo, maana ndiyo sababu zilitolewa. Ubaya huingia pale asiposoma singa hizo zilikuja na maneno gani, akaisokota kamba, akaitia nembo yake, na kuiuza kana kwamba kila uzi ni wake.

Sasa turudi kwa mahakimu. Huko Marekani, Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Berkeley, pamoja na wenziwe, waliandika programu ya kuendeshea treni ndogo za kuchezea, wakaitoa bure kwa sharti la kutunza majina yao na maneno ya leseni. Mfanyabiashara mmoja wa programu za treni hizo akatwaa sehemu za kazi yao pasipo majina. Mwaka 2007 mahakama ya kwanza iliona kwamba hilo, likiwa kosa, ni la kuvunja mapatano tu. Haki ya mwandishi haikuguswa. Na mapatano ya kitu kisicho na bei, ukiyavunja, utalipa nini? Mwaka 2008 mahakama ya rufani ikatengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba mtu atoaye bure aweza kuwa na faida anayoitazamia isiyo fedha, na kwamba masharti aliyoyaweka ndiyo mpaka wa ruhusa yake. Avukaye mpaka ni sawa na asiyepewa ruhusa kamwe. Mwaka 2010 shauri likaisha kwa mapatano, na yule mfanyabiashara akakubali kulipa dola 100,000. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yaihesabu programu ya kompyuta pamoja na vitabu, kuwa ni kazi ya mwandishi wake.

Lakini sheria ni jambo moja, na dhamiri ni jingine. Twawasikia watu wakisema, “Mwandishi amepungukiwa na nini? Kazi yake angali nayo.” Neno hili lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Aibaye mbuzi huacha zizi tupu. Anakiliye programu haachi pengo. Tukimtafuta aliyeibiwa miongoni mwa watoaji peke yao, yamkini tusimwone.

Tumtafute mahali pengine. Katika nchi hii ya tambarare chini ya milima ya Usambara, ambako mto Umba hupita ukielekea baharini, watu wajua thamani ya maji yashukayo kutoka juu. Fikirini mfereji mmoja wenye mashamba mengi kandokando yake. Mwenye shamba hatozwi bei ya maji, lakini ana masharti: afike siku ya kuzibua mfereji, kazi ambayo jirani zetu Wapare huiita msaragambo, na akiisha kunywesha shamba lake ayaache maji yashuke. Mtu akijenga ukingo akayazuia yote kwake, amemwibia nani? Jirani wa juu hakupotewa na kitu, maana maji yalikwisha kumpita. Aliyeibiwa ni yule wa chini, ambaye pengine hajaamka bado, wala hajui kwamba maji yalikuwa njiani.

Sharti la GPL ni la namna hii. Watu wengi hulisoma kana kwamba ni ushuru wa mwandishi, nao si ushuru wake hata kidogo. Mwandishi amekwisha kutoa. Sharti lamlinda mtu wa tatu, yaani yule atakayekabidhiwa programu na mfanyabiashara. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima kimenunua programu ya mizani na malipo. Baada ya miaka miwili kampuni iliyowauzia imekufa, au imepandisha bei mara tatu. Kama msimbo ungalikuwa mikononi mwao, wangaliweza kumwita kijana yeyote aliyesoma kazi hiyo, akawatengenezea. Leseni iliamuru wapewe, muuzaji akainyamazia. Wakulima hawa wameibiwa kitu ambacho hawakujua kuwa ni chao, na wizi wa namna hii hauna mlalamikaji. Twauona kuwa mbaya kuliko ule wa mbuzi.

Mwaka 2003 watu waligundua kwamba kifaa cha kugawia intaneti cha kampuni ya Linksys kilikuwa na Linux ndani yake, ilhali msimbo haukutolewa. Walidai, nao ukatolewa. Na juu ya msimbo huo ikaanza mwaka 2004 programu ya OpenWrt, ambayo hata leo huvipa uhai mpya vifaa vya watengenezaji wengi. Na mwaka 2021, katika jimbo la California, chama cha Software Freedom Conservancy kiliishitaki kampuni ya televisheni ya Vizio, kikisimama kama mnunuzi wa kawaida wa televisheni na kudai msimbo uliomo ndani yake. Mwezi wa Desemba 2023 mahakama ilikataa kulitupa dai hilo kabla ya kusikilizwa. Jirani wa chini, kwa mara hii, alipanda mwenyewe kwenda kuutazama ukingo.

Husemwa tena, “Sisi ni maskini, wao ni matajiri; tukichukua kidogo si kitu.” Lakini ni nani hao matajiri? Mwezi wa Februari 2024 mahakama ya rufani ya Paris iliiamuru kampuni kubwa ya simu ya Orange kuilipa kampuni ndogo ya Entr'ouvert jumla ya yuro 800,000, mbali na gharama za shauri, kwa kuitumia programu yake pasipo kuyafuata masharti ya GPL. Aliyevunja alikuwa mkubwa, aliyevunjiwa alikuwa mdogo. Na Wakenya walioandika Ushahidi, je, nao tuwahesabu upande upi? Zaidi ya hayo, akosaye msimbo hapa kwetu si tajiri wa ng'ambo, bali ni ushirika ule ule wa wakulima. Ni habari ya yule mtumwa wa mfano wa Injili, aliyesamehewa deni kubwa akatoka kwenda kumkaba koo mtumwa mwenzake.

Mfanyabiashara atasema, na twamsikia, kwamba akifunua kazi yake mshindani ataitwaa. Hofu hii ni ya haki. Basi asitumie singa za GPL katika kamba anayotaka kuificha. Ziko singa za leseni nyepesi, na ziko za kununuliwa. Hakuna amlazimishaye. Asichoruhusiwa ni kuutwaa uhuru wa watu kwa mkono mmoja na kuufungia kwa mwingine.

Kazi yenyewe ya kutimiza masharti haina elimu ya siri. Mali bila daftari hupotea bila habari: kampuni iandike orodha ya kila sehemu iliyotwaliwa nje, jina lake, namba ya toleo lake na leseni yake, kabla ya bidhaa kutoka mlangoni. Majina ya waandishi yatiwe mahali ambapo mnunuzi aweza kuyaona. Palipo na GPL ya toleo la pili, msimbo uende pamoja na bidhaa, au iende karatasi ya ahadi, nayo iwe na nguvu kwa miaka isiyopungua mitatu.

Na yule aliyekwisha kukosa? Toleo la pili la GPL, la mwaka 1991, lilikuwa kali: avunjaye sharti hupoteza ruhusa yake papo hapo. Toleo la tatu, la mwaka 2007, lilifungua mlango. Mtu akiacha kosa lake, ruhusa humrudia kwa muda. Na zikipita siku 60 mwenye kazi asimwandikie neno, humrudia moja kwa moja. Akiwa ameonywa na mwenye kazi hiyo kwa mara ya kwanza, naye akasahihisha ndani ya siku 30 tangu alipopokea onyo, husamehewa vilevile. Siku hizo 30 zatosha kwa fundi kuukusanya msimbo, kuupanga, na kuutuma kwa wale aliowauzia, kama majina yao yamo daftarini.