Kutaka Ushahidi si Dhana Mbaya

Ndugu zetu wa mwambao, yafaa tuzinduane. Mtu huona katika simu yake picha ya Peugeot 504, gari lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Huambiwa kwamba lipo Kola, katika vilima vya Machakos, kwa bei ndogo. Ila wateja ni wengi, basi apeleke arubuni leo hii kwa M-Pesa. Akishauriwa aende akalitazame, husema aona haya kumdhania mwenziwe vibaya.

Sisi twasema haya hiyo haikuwekwa mahali pake. Dhana mbaya ni kuhukumu pasipo kujua. Kutazama ni kutafuta kujua. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta umajimaji, hakutosheka na kilicho juu.

Basi nendeni Kola. Linganisheni nambari ya chesisi na iliyoandikwa katika hati ya gari. Mwenye gari ndiye aanzishaye uhamisho wa umiliki kwa NTSA katika mtandao, kisha mnunuzi akakubali. Muuzaji akishindwa na hilo, fedha na zibaki mfukoni.

Wala tusijidanganye: mara nyingi kituzibacho mdomo si haya, bali ni tamaa ya bei ndogo, twaogopa jibu. Muuzaji mkweli haudhiki kwa swali, kwani lamtenga na laghai. Na atoaye fedha kwa asichokiona hakuonyesha uaminifu; ameipoteza mali ambayo watoto wake wana haki nayo.