Kabla ya Kuchimba Msingi

Wewe unayejenga huku pwani, nenda kiwanjani saa kumi alasiri uangalie jua linakopiga. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huja limelala, likaingia kwa madirisha ya mashariki na magharibi hadi kitandani. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko, pande zote mbili, ili kaskazi na kusi zipate pa kuingilia na pa kutokea.

Ila adui mkubwa ni bati. Likipata moto mchana, dari hushusha joto hadi vyumbani. Chagua bati la rangi nyepesi, acha matundu ya hewa yenye wavu chini ya paa, na upenu uwe mpana wa kutosha kukinga ukuta. Inaniuma kuona watu wakibana pesa hapa, halafu wakalipia umeme wa kiyoyozi maisha yao yote.

Na mwarobaini wa kivuli upande wa magharibi upandwe sasa, fundi akiwa bado anapima.