Mpishi wa Marka

Mwaka 1977 alikuwapo katika mji wa Marka, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin. Kazi yake ilikuwa upishi katika hospitali ya mji. Marka ni mji wa kale, uko kati ya Mogadishu na Barawa, na Barawa ndiko wanakosema Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa. Kwa hiyo kisa hiki hakikutokea ugenini. Ni cha pwani yetu wenyewe.

Wakati huo ndui, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu milioni 300 katika karne ya 20 peke yake, ilikuwa imekwisha kung'olewa karibu dunia nzima. Ilibaki Pembe ya Afrika. Wachanjaji walizunguka na sindano zao zenye ncha mbili wakiwafuata wafugaji kambi kwa kambi, malisho kwa malisho. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wote wawe wamechanjwa. Tena Maalin mwenyewe alipata kuajiriwa kwa muda katika kazi hiyohiyo ya uchanjaji. Alijua chanjo ni nini na ni ya nini. Hata hivyo, mwili wake haukuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alieleza sababu bila kujificha: aliogopa. Aliiona sindano inauma.

Hakukataa kwa sababu ya imani, wala siasa, wala uvumi wa mtaani. Ilikuwa hofu ya maumivu ya dakika moja tu, hofu ambayo kila mmoja wetu anaijua.

Tarehe 12 Oktoba gari lilifika hospitalini likiwa na watoto wawili wa wafugaji, wote wana ndui. Walikuwa wanapelekwa mahali pa kutengwa na watu. Palihitajika mwenyeji wa kuonyesha njia, Maalin akajitolea, akapanda garini pamoja na wagonjwa. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Hakuna mtu wa pwani asiyelijua tendo hilo: mgeni amepotea njia, nawe unaacha kazi yako umwelekeze. Alikuwa anafanya wema.

Siku mbili baadaye mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki. Na tarehe 22 Oktoba Maalin akashikwa na homa.

Kwanza alitibiwa malaria. Vipele vilipojitokeza siku nne baadaye ikadhaniwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa kijana mwenye marafiki wengi, na kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Watu walikuja kumjulia hali, wakaketi karibu naye, wakaondoka, wakaja wengine. Hadi tarehe 30 Oktoba ilipotambuliwa kwamba ni ndui, watu 161 walikuwa wamekutana naye.

Ndipo mji ukashikwa. Hospitali ilifungwa isipokee wagonjwa wapya. Polisi wakawekwa njiani ili asitoke wala asiingie mtu asiyechanjwa. Nyumba zilipitiwa moja baada ya nyingine. Katika majuma mawili walichanjwa watu 54,777. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Marka ukuta ulijengwa kwa maelfu ya mikono, kwa sababu mkono mmoja ulikwepa sindano.

Maalin alipona, na katika wale 161 hakuugua hata mmoja. Msako uliendelea kwa miezi, mpaka tarehe 17 Aprili 1978 ilipotumwa simu ya maandishi kutoka ofisi ya Shirika la Afya Duniani mjini Nairobi: msako umekamilika, hakuna mgonjwa mwingine. Kijana yule ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetokomezwa.

Sasa tukae na kisa hiki, tuulizane kinatufunza nini.

Kwanza, mkono ni wako, lakini pumzi ni ya wote. Maalin alipokwepa sindano alidhani anaamua juu ya bega lake tu. Uamuzi ule haukubaki begani. Ulimfuata jikoni, ukapanda naye gari, ukaingia naye nyumbani, ukakaa pamoja na kila rafiki aliyemletea pole. Mtu akisema leo, "Mwili ni wangu," anasema kweli, na simwombei ashikwe kwa nguvu. Ana haki ya kuuliza chanjo imetengenezwaje, ina madhara gani, kwa nini arudie mara ya pili. Muuguzi anapaswa kumjibu kwa upole, asimfokee mbele ya foleni. Lakini haki ya kuchagua ina mzigo wake: anayechagua awahesabu na wale watakaolipa bei ya chaguo lake, ambao hakuwauliza.

Pili, na hapa ndipo kiini cha kisa: kwa nini hakuna mwingine aliyeugua? Aina ya ndui iliyokuwa Somalia haikuwa kali kama ile ya Bara Hindi, na wataalamu walifanya kazi usiku na mchana. Lakini pia wengi wa wale waliomzunguka walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Aliyeogopa sindano alisitiriwa na makovu ya jirani zake. Wao waliyavumilia maumivu aliyoyakimbia yeye, na kwa hilo wakamwepusha na mzigo mzito kuliko ugonjwa wenyewe, mzigo wa kuzika mtu uliyemwambukiza.

Kwetu tunajua kuchangiana. Pakiwa na harusi au msiba, kila nyumba hutoa chake, na mtaa humfahamu yule anayekula shughuli zote asiyechangia hata moja. Chanjo nayo ni mchango. Chukua surua: mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana inatakiwa watu wapatao 95 katika kila 100 wawe wamekingwa ili isisambae. Kenya na Tanzania mtoto huchanjwa surua kwa mara ya kwanza akiwa na miezi tisa. Yule wa miezi mitano hana cha kutoa. Mtu anayetibiwa saratani naye hana, kwani mwili wake umedhoofika na hawezi kupokea chanjo hiyo. Hao wamesamehewa mchango, na sisi wenye afya ndio wa kuwachangia. Tukijitoa mmoja mmoja, kila mtu akitegemea kwamba jirani amekwisha kutoa, siku itafika sufuria itafunuliwa na haina kitu.

Tatu, kosa lililokiriwa huwa dawa. Maalin angeweza kuishi akilificha jambo lake. Badala yake, polio ilipokuwa inasumbua Somalia, aliingia katika kazi ya kuitokomeza. Alikwenda kwa wazazi waliosita, akawasimulia kisa chake mwenyewe: kwamba aliogopa, kwamba aliugua, kwamba nchi yake ilikuwa ya mwisho kwa ndui na hakutaka iwe ya mwisho kwa polio. Hakuwadharau kwa hofu yao, kwa kuwa aliwahi kuwa nayo. Mwaka 2013 polio ilirudi Somalia na kuvuka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, naye akarudi tena kazini. Alikuwa katika kampeni hiyo alipougua, na safari hii ilikuwa malaria kweli. Alifariki tarehe 22 Julai 2013.

Kisa chake tumekirithi sote, na hatuhitaji kurudia kosa lake ili tujifunze. Basi usiishie kusikitika. Kadi ya kliniki ya mwanao iko ndani ya sanduku au nyuma ya kabati. Itoe leo, utazame tarehe. Kama kuna iliyopita, kesho mpeleke, na kama una swali, nenda nalo ukamwulize muuguzi. Utakaporudi, mtoto akilia kidogo kwa mkono unaouma, mbembeleze. Kisha mtazame mtoto mchanga wa jirani aliyebebwa mgongoni, ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika. Kilio kile kimemchangia na yeye.