Twathubutu Kusema: Kumwomba Mungu kwa Ujasiri na kwa Unyenyekevu



Kijana mwenzangu, leo nataka tukae na neno moja ambalo tunalisikia kila Misa na kulipita kama vile halikusemwa. Kabla ya Sala ya Baba Yetu padre hatualiki tu kusali. Anasema kwamba tunathubutu kusali. Hebu jiulize, kwa nini kuthubutu? Mtu hathubutu kunywa maji. Anathubutu kuvuka mto uliofurika, au kusimama mbele ya mkubwa na kumwambia jambo zito. Kumbe Kanisa linaona kwamba kumwita Mungu "Baba" na kumwomba mkate ni jambo la kuthubutu, na kila siku linatusukuma tulifanye.

Nilisoma falsafa seminarini miaka mitatu bila kulitafakari neno hilo. Nililielewa baba yangu alipougua.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa falsafa. Baba alikuwa na saratani ya koo, na nilipofika nyumbani likizo alikuwa hawezi tena ugali, ni uji mwepesi tu. Bibi yangu, mama yake mzazi, alikuwa anashinda pembeni ya kitanda na rozari yake. Bibi haombi kwa kunong'ona. Alikuwa anasema: "Mungu wangu, nimeshazika watoto wawili. Huyu niachie. Nakuomba, huyu niachie." Mara kumi, mara ishirini. Mimi, frateri msomi, nilikuwa naona aibu kidogo. Moyoni nikisema, bibi anamsumbua Mungu.

Sala yangu mimi ilikuwa safi. "Ee Mungu, kama ni mapenzi yako, umjalie baba yangu yale yenye manufaa kwa roho yake." Hakuna mwalimu ambaye angeweka alama nyekundu hapo. Ilikuwa kama ile barua ya maombi ya kazi: husika na kichwa cha habari hapo juu, wako mtiifu, sahihi.

Jioni moja tulibaki wawili. Baba, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama upepo, akaniuliza: "Frateri, unaniombea nini?" Aliniita hivyo kwa utani tangu siku nilipovaa kanzu.

Nikamjibu: "Baba, naomba mapenzi ya Mungu yatimizwe."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Sawa. Na wewe mwanangu, unataka nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatoka nje, nikaenda kukaa kule migombani, na ndipo nikagundua kwamba kwa miezi mitatu sikuwa nimemwambia Mungu hata mara moja ninachokitaka. Nilikuwa naogopa. Nikiomba baba apone na asipone, je? Basi nilikuwa nimejiwekea akiba mapema: nisiombe kitu chochote ambacho Mungu anaweza kukikataa. Na woga huo nikauita unyenyekevu.

Sura mbili za sala isiyo kweli

Naamini siko peke yangu. Kuna vijana wengi tunaosali hivyo. Unataka ajira, unataka mchumba mwema, unataka kuacha uzoefu mbaya unaokutesa usiku, lakini mbele ya Mungu unasema maneno ya jumla tu: "Bwana, unitazame." Ukweli wa moyo unabaki umefungiwa ndani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata katika sala ndivyo ilivyo.

Upande wa pili kuna kosa lingine, na hili linapendwa sana siku hizi. Mtu anasali kama mteja aliyeshalipia mzigo. Nimefunga siku tatu, nimetoa sadaka, nimemaliza novena siku ya tisa, kwa hiyo ya kumi jibu lifike. "Naamuru! Nadai haki yangu! Bwana, nakupa mpaka Ijumaa!" Jamani, huo si ujasiri. Anayedai hivyo hamwamini Mungu, anaamini njia aliyoitumia. Jibu lisipokuja anaona ametapeliwa, na wengi wanaliacha Kanisa mlangoni hapohapo.

Ukiangalia vizuri, makosa haya mawili ni ndugu. Mmoja haombi ili asikataliwe, mwingine anaamuru ili asikataliwe. Wote wawili wanaikwepa ile nafasi ngumu ya mtoto: kuomba kweli, na kumwachia Baba uhuru wa kujibu.

Luka aliwaweka pamoja

Fungua Injili ya Luka sura ya 18. Mwanzoni kuna mwanamke mjane anayemwendea hakimu dhalimu kila mara mpaka hakimu anachoka na kumpa haki yake. Yesu anatuambia tusali hivyo, bila kukata tamaa. Halafu, mara tu baada ya hapo, kuna mtoza ushuru aliyesimama mbali hekaluni, hathubutu hata kuinua macho, anapigapiga kifua na kuomba huruma. Na Yesu anasema huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki, si yule Mfarisayo.

Sasa tumfuate nani? Mjane asiyenyamaza au mtoza ushuru aliyeinamisha kichwa? Luka hatuachii kuchagua. Amewaweka jirani, sura moja. Tena ukiwatazama kwa makini, hata mtoza ushuru alithubutu. Mtu aliyechukiwa na mji mzima aliingia hekaluni, akaomba kitu kikubwa kuliko vyote, yaani msamaha. Na yule mjane naye alikuwa mnyenyekevu. Hakuwa na mume wa kumtetea, hakuwa na fedha ya kumhonga hakimu. Alikuwa na ombi lake tu.

Abrahamu anatuonyesha jambo hilohilo katika Mwanzo sura ya 18. Anamwombea mji wa Sodoma. Je, wakipatikana wenye haki 50, utauangamiza? Mungu anasema hapana. Abrahamu anashuka: 45, 40, 30, 20, mpaka 10. Ni kama mtu anayeomba apunguziwe bei sokoni! Lakini kabla ya kutaja 45 anakiri kwamba yeye ni mavumbi na majivu tu. Mavumbi yanajadiliana na Muumba wake, na Muumba hayafokei hata mara moja. Kila mara anajibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nafikiri ujasiri na unyenyekevu ni kama chumvi na sukari, kwamba ukizidisha kimoja unapunguza kingine. Si hivyo. Unyenyekevu unatokana na kujua mimi ni nani: udongo, mwenye dhambi, sina cha kumlipa Mungu. Ujasiri unatokana na kujua Yeye ni nani: Baba. Sina haja ya kupunguza ukweli mmoja ili ule mwingine upate nafasi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2778, inalitaja neno la Kigiriki, *parrhesia*. Kwa Wagiriki wa kale huo ulikuwa uhuru wa raia kusema wazi mbele ya wenzake. Mtumwa hakuwa nao. Barua kwa Waebrania (4:16) inatumia neno hilohilo inapotualika tukikaribie kiti cha neema. Kwa ubatizo tumepewa nafasi ya kusema. Hatukuichuma wenyewe, kwa hiyo hatuna cha kujivunia. Tumepewa kweli, kwa hiyo tusikae kimya.

Lakini Mungu si anajua tayari?

Swali hili tulilibishania sana darasani. Kama Mungu anajua yote na habadiliki, kuomba kuna faida gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijibu katika Summa Theologiae. Kwa ufupi, anasema hatusali ili tubadilishe mpango wa Mungu. Tunasali kwa sababu katika mpango huo Mungu mwenyewe amepanga kwamba mambo fulani yaje kwa njia ya sala. Chukua mfano wa mkulima. Mungu ndiye anayeotesha, lakini amependa mahindi yaje kwa njia ya mtu aliyepanda. Mkulima anayekaa barazani na kusema "Mungu akitaka yataota" si mnyenyekevu, ni mvivu. Kumbe hata ombi lako lina nafasi yake katika maongozi ya Mungu. Halipotei.

Getsemane

Mfano mkuu ni Bwana mwenyewe. Katika Marko 14:36 anamwita Mungu Aba, anakiri kwamba kwake yote yanawezekana, halafu anaomba waziwazi kikombe kile kiondolewe. Baada ya hapo ndipo anayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake.

Tazama, Yesu hakuruka ile sehemu ya kwanza. Hakujifanya hataki. Mimi nilikuwa nachukua nusu ya pili ya sala yake na kuiacha nusu ya kwanza, kana kwamba mimi ni mtakatifu kuliko yeye. Huwezi kumkabidhi Mungu mapenzi yako kama hujamwonyesha mapenzi hayo ni yapi. Utakabidhi nini, mkono mtupu? Hata katika Baba Yetu, tukishaomba mapenzi yake yatimizwe hatunyamazi. Tunaomba mkate, tena wa leo.

Basi usiku ule migombani nilisema: "Baba, nataka baba yangu apone. Nataka anione siku ya upadrisho. Sitaki afe." Nililia kama mtoto. Nilipomaliza kulia nikasema, "Lakini wewe ni Baba kuliko mimi ninavyojua." Maneno yaleyale ya kujikabidhi, ila safari hii yalikuwa na kitu ndani yake.

Nilirudi ndani nikamwambia baba: "Nataka upone. Nimemwambia Mungu." Akatabasamu. Akasema, "Eeh. Sasa tunaomba wote."

Baba hakupona. Alifariki wiki chache baadaye, akiwa amepokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo.

Akisema hapana

Sitakudanganya kwamba naelewa. Wahenga wanasema mtoto akililia wembe mpe, lakini Mungu hatulei hivyo, na kwa wembe ni rahisi kuona sababu. Uhai wa baba yangu haukuwa wembe. Hapo sina maelezo.

Namkumbuka Mtakatifu Monika. Mwanae Augustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi mama alivyomsihi asiondoke Karthago. Augustino akamdanganya, na usiku ambao mama yake alikuwa anasali na kulia, yeye akapanda meli kwenda Roma. Monika alinyimwa alichokiomba usiku ule. Lakini safari hiyohiyo ikamfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa, mama yake akiwa hai. Monika aliuona mwisho wa habari. Mimi bado sijauona wangu.

Ila jambo moja nalijua. Siku ya mazishi, tulipofika kwenye Baba Yetu, niliweza kuisali. Nilikuwa na uchungu, lakini sikuwa nimemficha Mungu kitu. Bibi alikuwa karibu yangu, anasali kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Jioni ile alishika tena rozari. Nikamuuliza, "Bibi, sasa unaomba nini?" Akanijibu, "Namwombea apokelewe vizuri. Na wewe nakuombea." Mwanamke aliyekataliwa ombi la tatu alikuwa bado anaomba. Nikajua kwamba siku zote zile hakuwa anamsumbua Mungu. Alikuwa nyumbani kwake.

Wiki hii tujaribu

1. Taja jambo lako kwa jina. Yesu alimuuliza Bartimayo anataka nini, ingawa kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Anakuuliza na wewe. Usiseme "Bwana, unajua." Sema.

2. Anza na ishara ya msalaba taratibu na tendo fupi la majuto. Tambua uko mbele ya nani. Kama kuna dhambi inayokufanya uone aibu kuomba, nenda kitubio wiki hii.

3. Ukishaomba, mkabidhi. Wala usimwekee Mungu tarehe.

4. Akikawia, au akisema hapana, rudi kesho. Ukirudi, hiyo nayo ni sala.

Tusali: Ee Baba, sisi ni mavumbi, na wewe umetuita wana. Tuondolee woga unaotufunga midomo na kiburi kinachotufanya tukuamuru. Utufundishe kukuomba kama Mwanao alivyoomba usiku ule bustanini, na ukitunyima, usituache tuondoke kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, Mama wa Shauri Jema, utuombee.
Mtakatifu Monika, utuombee.

Tuombeane, kijana mwenzangu. Na leo kwenye Misa ukisikia "twathubutu", nyanyua kichwa.