Mzinga wa Butembo

Klabu moja ya mpira ya Butembo, mashariki mwa Kongo, inaitwa AS Nyuki, na jina hilo limebeba swali zima: watu wanaokwenda kiwanjani wanafuata mpira, au wanafuatana?

Katika miji ya Beni na Butembo swali hili lina uzito. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewazoeza watu wa Beni kufunga mlango mapema. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa katika mji mdogo wa Mangina, karibu na Beni, kisha ikaingia miji yote miwili. Ilipomalizika Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Mkusanyiko wenyewe ukawa hatari. Salamu za mkono zikakoma, na ndoo za maji ya klorini zikasimama mbele ya makanisa na maduka.

Basi anayetaka kujaza kiwanja asianze na bei ya tiketi. Aanze na imani ya watu kukaa pamoja tena. Mechi ipigwe saa nane mchana, mama mwenye watoto afike nyumbani kabla ya giza. Isigongane na misa ya Jumapili. Na watoto wa parokia wacheze kwanza, kabla ya timu kubwa, maana mtoto mmoja mwenye jezi huja na ukoo wake wote: shangazi, babu, na majirani wawili watatu.

Mechi za Ulaya kwenye televisheni zina ufundi zaidi, ni kweli kabisa. Lakini Chelsea haijui kwamba shabiki wake wa Butembo amefiwa. Anayekaa naye kwenye nyasi anajua, na Jumapili akiona nafasi yake iko wazi, atapita kwake kumjulia hali.