Je, Kuangaliwa Ndiko Kutunzwa?

Sisi tukaao Kipalapala tu jirani na Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikopumzika misafara ya zamani. Hapo Kwihara Dkt. Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani. Miaka mitano kabla, mwaka 1867, wapagazi wawili walimtoroka na sanduku lake la dawa, wala halikuonekana tena.

Siku hizi sanduku la dawa laweza kutoa habari zake lenyewe. Huko Kilimanjaro baadhi ya watu wenye virusi vya UKIMWI walipewa vijisanduku kwa majaribio. Kila kinapofunguliwa, kijisanduku hupeleka habari kwa mtandao wa simu. Kisipofunguliwa kwa saa yake, mgonjwa hupata ujumbe wa kumkumbusha.

Basi twauliza: aangaliwaye hivi, je, ametunzwa? Kijisanduku chajua kufunguliwa, hakijui kumeza. Hakijui kwamba mama ameacha dawa kwa kukosa chakula, au kwa kuogopa mumewe asije akaujua ugonjwa wake. Matokeo ya majaribio hayo yalipotangazwa mwaka 2021, waliopewa vijisanduku hawakuonekana kushika dawa kuliko wenzao wasio navyo.

Hatusemi kwamba chombo ni kibaya. Kwake akaaye mwendo wa siku nzima kutoka zahanati, habari ifikayo upesi ni msaada mkubwa. Lakini ugonjwa wa mtu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yazilinda habari zake. Nasi yatupasa kuzilinda kwa ndimi zetu. Mgonjwa na aulizwe kwanza, aambiwe ni nani atakayeziona habari zake, tena awe na ruhusa ya kukataa pasipo kunyimwa dawa.

Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake, wakapita Unyanyembe hata pwani. Hawakuwa na chombo cha kupeleka habari; walikuwa na mabega. Vivyo hivyo, aliyekabidhiwa habari za mgonjwa kwa ridhaa yake, asidhani ya kuwa kazi imekwisha ujumbe ulipofika. Chombo kimemwita tu; miguu ya kwenda ni yake mwenyewe.