Tunawajua wa mbali, jirani je?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala mjini Bukoba, nilimkuta mpwa wangu kutoka Muleba kibarazani mwa msikiti, kainamia simu. Anasomea kuongoza watalii, na kwa njia ya intaneti anajifunza Kihispania na mila za watu wa Mexico na Colombia. Mzee mmoja akamkaripia: "Mila za makafiri zitakufaa nini?"

Nikamjibu kwa adabu. Katika Surat Hujurat, aya ya 13, Allah (s.w.) anatueleza kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Na Kihispania chenyewe kimekulia Hispania, walikotawala Waislamu kuanzia mwaka 711 hadi 1492. Sukari wanaiita azúcar, na wakitumaini jambo husema ojalá, neno lililobeba jina la Allah!

Mzee akatabasamu. "Sawa. Na jirani yako Mkatoliki kule Muleba, alipofiwa, ulikwenda kumpa pole?"

Kijana akanyamaza. Nami, msemaji, nikanyamaza. Jirani yangu wa hapa Bukoba, mwaka wa tatu huu, hata ukoo wake siujui.